Kuvumilia si Kunyamaza: Somo Kutoka Nyimbo za Mapenzi za Meksiko

Mwaka jana, zikiwa zimebaki wiki mbili tuingie kwenye mitihani ya semista, rumeti wangu alipigwa chini. Binti aliyekuwa naye tangu kidato cha tano alimtumia ujumbe wa mistari mitatu, basi, yakaisha. Jamaa aliusoma akiwa amekaa kitandani, akailaza simu kifudifudi, akajifunika shuka saa kumi jioni. Mimi, kwa nia njema kabisa, nikamwambia lile neno ambalo kila mwanaume aliyewahi kukaa hosteli amelisikia: "Kaza, mwanangu."

Akakaza kweli. Hakulia. Hakulitaja tena jina la yule binti. Kimbwetani alikuwa anakuja, anafungua daftari, anakaa saa tatu kwenye ukurasa mmoja. Nikimuuliza anasema, "Niko fiti." Nami nikawa naamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Siku ya mtihani wa tatu hakutokea. Leo ninavyoandika yuko kwao, ameahirisha mwaka.

Nimemsomea makala hii kwa simu kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Ameikubali kwa sharti moja, nisimtaje jina. Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu, usianze kuuliza ni nani. Hapa ninaliuliza neno lenyewe, "kaza". Kuvumilia ni kufanya nini hasa? Nimelipata jibu mahali ambapo sikupatarajia, kwenye nyimbo za kale za Meksiko.

Ilianza na filamu ya katuni, Coco, ya mwaka 2017. Tuliiangalia watu sita kwenye kompyuta moja. Kuna sehemu mama mmoja anaimba wimbo uitwao La Llorona, na ingawa hakuna hata mmoja wetu anayejua Kihispania, chumba kizima kilinyamaza. Usiku ule nikaanza kuutafuta. Wimbo mmoja ukanipeleka kwenye mwingine, na likizo nzima ikaishia humo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nyimbo zenyewe ni zipi?

Meksiko ni nchi kubwa na kila eneo lina ngoma yake, kwa hiyo tuelewane mapema. Nitagusa mafungu mawili. La kwanza ni nyimbo za kimapokeo, zile ambazo mtunzi wake wa kwanza hajulikani, zilizopokezanwa kwa mdomo toka kizazi hadi kizazi. La pili ni nyimbo ziitwazo ranchera. Neno hilo linatokana na rancho, yaani shamba la mifugo, kwa hiyo tunaweza kuziita nyimbo za shambani.

Ila usidanganyike na jina. Ranchera kama tunavyoijua leo ilikulia mjini. Meksiko ilipita kwenye mapinduzi makali kuanzia mwaka 1910 hadi karibu 1920, na baada ya hapo watu wengi wakaendelea kuhamia jiji kuu kutafuta kazi. Mwaka 1930 redio kubwa ya XEW ikaanza kurusha matangazo. Mwaka 1936 ikatoka filamu ya Allá en el Rancho Grande, yenye wapanda farasi, mapenzi na nyimbo, ikapendwa hadi nje ya nchi. Redio na sinema ndizo zilizozisambaza nyimbo za shambani, na wasikilizaji wake wengi walikuwa watu ambao shamba walishaliacha nyuma.

Hili ni jambo la kwanza la kushika. Kabla hata hujafika kwenye habari za mpenzi, ranchera tayari ni muziki wa watu waliopoteza kitu. Ndiyo maana ndani yake nyumbani, mama, kijiji na mpenzi vinaliliwa kwa sauti moja. Mfano mzuri ni Canción Mixteca ya José López Alavez, mzaliwa wa Huajuapan de León katika jimbo la Oaxaca. Aliitunga miaka ya 1910 akiwa jijini, mbali na kwao. Hauna mpenzi aliyesaliti wala nyumba ndogo. Ni mtu tu anayeikumbuka ardhi aliyozaliwa hadi anatamani kulia. Baadaye wahamiaji wa Kimeksiko walioko Marekani wakaufanya wimbo wao. Kama ulishawahi kulala usiku wa kwanza hosteli ukiwa umetoka mkoani kwa basi, wimbo huu hauhitaji mkalimani.

Machozi yenye mizani

Turudi kwa La Llorona. Jina lenyewe maana yake ni mwanamke anayelia. Kuna hadithi ya kale sana ya mwanamke aliyewazamisha wanawe mtoni, na tangu hapo anatangatanga usiku kandokando ya maji akiwalilia. Watoto wa Meksiko hutishiwa naye kama sisi tulivyotishiwa majini na mazimwi. Lakini wimbo, ambao una mizizi yake kwenye shingo ya nchi ya Tehuantepec kule Oaxaca, hausimulii hadithi hiyo moja kwa moja. Anayeimba anamwita Llorona mtu anayempenda, anayemwogopa, au anayemlilia. Wakati mwingine ni vigumu kujua ni yupi kati ya hao, na nadhani ndivyo mapenzi yalivyo.

Sasa angalia ulivyojengwa. Beti zake ni nyingi mno, na kila ubeti unajitegemea. Mwimbaji anachagua zake, anazipanga atakavyo, na wengine wameongeza zao. Mistari yake mingi ina silabi nane, kisha linakuja lile jina kama pumzi. Silabi nane ndicho kipimo cha nyimbo nyingi za watu zenye asili ya Kihispania. Wewe uliyesoma ushairi sekondari umeshashtuka: mshororo wetu wa shairi una mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Sisemi tuliambukizana. Nasema tu kwamba sikio lako linakifahamu kipimo hicho tayari, hata kama maneno yake huyafahamu.

Kwa nini nahangaika na silabi wakati tunazungumzia moyo? Kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuelewa. Mtu aliyeumia hana mpangilio. Rumeti wangu angeanza kusema siku ile, pengine yangetoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na aliogopa hivyo, nami niliogopa kuyasikia. Wimbo unampa mtu kama huyo kitu cha kushika. Haumwambii aache kulia. Unamwambia: lia, lakini kwa silabi nane, halafu pumua, halafu endelea na ubeti unaofuata. Maumivu hayapungui, ila yanakuwa na mwanzo na mwisho. Ubeti ukiisha unaweza kusimama hapo au ukaendelea na mwingine. Huo tayari ni uvumilivu, na sauti bado inasikika.

Ukelele wa wasikilizaji

Jambo la pili ni watu. Ranchera mara nyingi hupigwa na mariachi, kundi lenye violini, tarumbeta, gitaa, vihuela ambayo ni gitaa dogo, na guitarrón, lile gitaa nene lenye sauti nzito. Mwaka 2011 UNESCO iliuweka muziki wa mariachi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mariachi huitwa harusini, kwenye sikukuu za kuzaliwa, chini ya dirisha la mpenzi, na makaburini pia. Kundi lile lile lililokupigia siku ya kuoa linaweza kukupigia siku ya kuzikwa.

Katikati ya wimbo, vyombo vinapobaki peke yake, utasikia mtu anapiga ukelele mrefu, nusu kilio nusu kicheko. Wao wanauita grito. Anaweza kuupiga mwimbaji, mpiga violini, au mzee aliyekaa meza ya nyuma kabisa. Kwa mtu wa pwani si jambo geni. Kwenye taarabu msikilizaji akiguswa na ubeti hainuki kwenda kujificha, anainuka kwenda kutuza, kila mtu anamwona, na kila mtu anajua kuna neno limemfika. Grito inafanya kazi hiyo hiyo. Mzee wa meza ya nyuma anamwambia mwimbaji, bila maneno, "Hata mimi."

Kuna nyimbo zilizoweka kilio ndani ya sauti yenyewe. Cucurrucucú paloma, wa Tomás Méndez wa mwaka 1954, ni kisa cha mtu aliyekufa kwa mapenzi. Njiwa akaja kwenye nyumba yake tupu, na watu wakasema yule njiwa ni roho yake. Jina la wimbo ni mlio wa njiwa. Mwimbaji anapofika kwenye mlio huo anaruka kutoka sauti ya kifua hadi sauti nyembamba ya juu, anaing'ang'ania, anaishusha taratibu. Lola Beltrán aliuimba hivyo hadi ukawa kama wake. Hapo sauti yenyewe inavunjika mbele za watu, ila inavunjika kwa kupangwa, na mwimbaji anarudi salama kwenye ubeti.

Mfalme asiye na kitu

Ningeishia hapo ningekuwa nakuuzia nusu ya bidhaa. Nyimbo hizi zina upande mwingine, na somo la kweli haliukwepi.

Mtunzi mkubwa wa ranchera ni José Alfredo Jiménez, aliyezaliwa mwaka 1926 Dolores Hidalgo, jimbo la Guanajuato. Alifiwa na baba akiwa bado mtoto, familia ikahamia jijini, naye akafanya kazi ya uhudumu wa mgahawa. Hakujua kupiga chombo chochote wala kusoma nota. Alikuwa anaimba au kupiga mluzi, wengine wanaandika muziki. Hivyo hivyo alitunga nyimbo kwa mamia, kwa maneno ambayo mtu yeyote baa angeweza kuyasema, na hiyo ndiyo siri yake.

Wimbo wake maarufu sana ni El Rey, yaani Mfalme. Ni mwanaume aliyeachwa, hana mali wala cheo, na bado anajitangaza kwamba yeye ni mfalme. Ukiusikiliza mara ya kwanza utasema jamaa anajisifu. Usikilize mara ya tatu. Kila anavyozidi kudai kwamba ni mfalme, ndivyo unavyozidi kuona kiti kitupu. Yule ni rumeti wangu akisema, "Niko fiti." Tofauti ni kwamba José Alfredo aliyaweka majigambo yale kwenye wimbo, ili sisi wengine tuyasikie jinsi yalivyo.

Lakini mara nyingi watu wake wanaelekea wapi? Kwenye chupa. Nyimbo chungu nzima zinaanzia baa na kuishia baa. Na mwenyewe alifariki Novemba 1973, akiwa na miaka 47, kwa ugonjwa wa ini. Alizikwa kwao Dolores Hidalgo, na kaburi lake limejengwa kwa umbo la kofia kubwa ya Kimeksiko, na blanketi la rangi za vigae lenye majina ya nyimbo zake. Watalii hupiga picha pale. Ni kaburi zuri, lakini ni la mtu aliyekufa mapema.

Jambo lingine ni jinsi wanawake wanavyosemwa. Baadhi ya nyimbo humwona mwanamke kama mali iliyopotea au adui wa kuadhibiwa, na mwanaume anayetishia huonekana shujaa. Uzuri wa sauti usitufumbe macho. Mtu akiniambia ameumizwa, namsikiliza. Akiniambia kwa kuwa ameumizwa atamuumiza fulani, hapo si mapenzi tena, hata ukimpigia tarumbeta.

Wanawake wawili

Waliolifikisha somo hili mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni wanawake.

Lucha Reyes alizaliwa Guadalajara mwaka 1906. Alianza na sauti laini, nyembamba, ya kufundishwa. Miaka ya 1920 alikwenda ziara Ulaya, akaugua koo, sauti ikapotea kwa miezi mingi. Iliporudi haikuwa ile. Ilikuwa nzito na ya kukwaruza. Angeweza kuacha muziki. Badala yake akaimba kwa sauti ile ile iliyoharibika, kwa nguvu, kwa kulalama, kwa kucheka, akaibua mtindo ambao waimbaji wengi wa kike wa ranchera waliufuata. Alifariki mwaka 1944 akiwa na miaka 38. Maisha yake hayakuwa mepesi, na sitaki kuyafanya yaonekane hivyo. Nakitaja kile alichofanya na sauti yake kwa sababu kinafanana na methali yetu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wa pili ni Chavela Vargas. Alizaliwa Costa Rica mwaka 1919, akahamia Meksiko akiwa kijana. Enzi zile waimbaji wa kike walipanda jukwaani na magauni ya mapambo na mariachi nyuma yao. Yeye alivaa suruali na joho la kiume, akaondoa tarumbeta, akabaki na gitaa. Aliimba nyimbo zilizotungwa kwa mdomo wa mwanaume akimwimbia mwanamke, na hakubadilisha neno. Aliziimba polepole mno. Sikiliza anavyouimba Paloma Negra, wa Tomás Méndez pia, wimbo wa mtu anayekesha akimsubiri mpenzi ambaye yuko nje anastarehe, hasira na mapenzi vikimvuta huku na huku. Anayaacha maneno yakae hewani hadi unataka kumsaidia kuyamaliza.

Chavela naye alikunywa, na José Alfredo alikuwa rafiki yake wa glasi. Pombe ilimwondoa jukwaani miaka ya 1970, akapotea kabisa. Watu wengi walidhani ameshakufa. Mwaka 1991, akiwa ameiacha pombe na umri umepita miaka 70, alipanda jukwaa dogo la ukumbi wa El Hábito, Coyoacán, akaimba nyimbo zile zile. Mwaka 2003 aliimba Carnegie Hall, New York. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 93.

Waweke wawili hawa marafiki kwenye mzani mmoja. Waliimba nyimbo zile zile, wakanywa meza moja. Mmoja chupa ilimmaliza, mwingine aliiweka chini akabaki na wimbo. Hapo nikajifunza kwamba wimbo wenyewe si dawa. Unafungua mlango tu. Baada ya hapo mtu bado anahitaji kula, kulala, kuacha kinachomuua, na watu wa kumshika mkono.

Ngumi juu

Septemba 19, 2017, tetemeko la ardhi liliipiga Meksiko ya kati na kuua watu zaidi ya 300. Ilikuwa tarehe ile ile ya tetemeko kubwa la mwaka 1985. Majengo yaliporomoka katika jiji kuu, na wananchi wa kawaida, wanafunzi wengi miongoni mwao, wakajipanga mistari mirefu kupokezana ndoo za kifusi. Kulikuwa na ishara moja: mtu akiinua ngumi juu, wote wananyamaza, ili waokoaji wasikie kama kuna sauti ya mtu chini ya zege.

Na katikati ya kazi ile watu waliimba Cielito lindo. Ni wimbo wa mapenzi unaohusishwa na Quirino Mendoza y Cortés, mwaka 1882, na ndio ule ambao mashabiki wa Meksiko huuimba kwenye Kombe la Dunia. Kiitikio chake kinamtaka mtu aimbe badala ya kulia. Zamani ningesema hiyo ndiyo "kaza" yenyewe. Sasa naona sivyo. "Kaza" inakwambia ufunge mdomo. Kiitikio kile kinakwambia uufungue, na tena ukiwa na wenzako.

Ile ngumi pia imenikaa kichwani. Kumbe kuna kunyamaza kwa aina mbili. Kuna kunyamaza ili kuficha, na kuna kunyamaza ili kusikia aliyefukiwa. Rumeti wangu alinyamaza kwa namna ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza kwa namna ya pili, nami badala yake nikampa neno moja nikarudi kwenye notsi zangu. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema aliyeyaona maradhi akajifanya hakuyaona anaumbuliwa na nini.

Kazi ya nyumbani

Kama makala hii ni somo, basi lina zoezi. Tafuta nyimbo tatu: La Llorona, El Rey na Paloma Negra, miwili ya mwisho kwa sauti ya Chavela ukiipata. Usianze na tafsiri. Sikiliza kwanza mahali sauti inapovunjika, na mahali inaporudi. Halafu jiulize ni nani chumbani kwako, au kwenye kundi lako la mijadala, ambaye kila siku yuko fiti.

Ukimpata, usimwambie akaze. Muulize ilikuwaje, kisha tulia asimulie vibaya, asimulie kwa kurudia, asimulie ovyo. Ukiona yamezidi uwezo wako, msindikize kwa mshauri wa wanafunzi, usimwelekeze tu ofisi ilipo. Tena afadhali uende naye mapema, kabla mtihani haujafika.

Mimi nilichelewa miezi minne. Nilipompigia simu na kumuuliza, alikaa kimya kidogo, nikadhani amekata. Kisha akaanza kusimulia. Alisimulia dakika hamsini, kifurushi kikaisha katikati, nikakimbia dukani kununua kingine. Mwaka mpya wa masomo ukianza anarudi. Ameniomba nimwombee chumba kile kile.